Bwana wa Milimani Aliyeililia Bahari

Ndugu msomaji, juma lililopita baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimekaa barazani kama ilivyo ada yetu, kikombe cha kahawa chungu mkononi na tende kisahanini, mara wakaja vijana wawili wa mtaani wameinamia simu moja wakitazama mchezo wa kupigana kwa panga. Nikawauliza ni nini hicho kilichowafanya wapite bila hata ya kutoa salamu. Wakaona haya, wakasalimu, kisha mmoja wao, ambaye baba yake nimesoma naye chuo kimoja, akanionyesha. "Ami, hawa ni mabwana wa Kijapani wa zamani. Huyu mwenye kofia ya chuma yenye pembe na singa nyeupe ni Takeda Shingen. Huyu ndiye mwanamume!"

Nikamuuliza uanamume wake ni nini. Akanijibu kwa neno moja: "Alipiga."

Basi jawabu hilo halikuniacha. Bwana huyo mimi namjua kitambo, tangu nilipotazama sinema ya Kagemusha ya mwaka 1980, aliyoitengeneza Akira Kurosawa, inayosimulia mambo yaliyozuka baada ya kufa kwake. Toka hapo nimekuwa nikisoma kila kilichonifikia juu yake. Na hakika ni kwamba alipiga, tena sana. Lakini ukiniuliza mimi, vita vyake ndivyo vitu duni kabisa katika maisha yake, na yaliyo makubwa hayaonekani katika mchezo wa simu. Ndipo nikaona leo nitumie ukurasa huu kumpa kijana yule jawabu lililo kamili, na wengine nao wasikie.

Zama alizoishi, Wajapani wenyewe huziita Sengoku, maana yake zama za nchi zenye kupigana. Zilianza kwa vita vya Onin vya mwaka 1467, vilivyodumu miaka kumi na kuuunguza mji mkuu wa Kyoto. Toka hapo mfalme alibaki na heshima bila ya nguvu, na shogun, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi yote, akabaki na jina. Kila mwenye boma na watu akawa dola peke yake. Mabwana hao ndio walioitwa daimyo. Jirani alimla jirani, mtumishi alimpindua bwana, na mtoto, kama tutakavyoona, alimfungia baba yake mlango.

Takeda alizaliwa mwaka 1521 katika nchi ya Kai, ambayo leo ni mkoa wa Yamanashi. Jina lake la ukubwani lilikuwa Harunobu. Hilo la Shingen ni jina la kitawa alilolichukua mwaka 1559 aliponyoa kichwa kwa desturi ya dini ya Buddha, ingawa utawa huo haukumzuia kuvaa deraya siku ya pili. Nchi yake ni kama bakuli. Milima imeizunguka pande zote, na upande wa kusini umesimama mlima Fuji. Ndani ya bakuli mna mito mikali, mashamba ya mpunga na, Mungu akipenda, dhahabu ardhini. Kisichokuwamo ni bahari.

Sisi tuliozaliwa mbele ya maji ya chumvi ni vigumu kulifahamu jambo hili. Mtu wa Kai hakuweza kukoleza uji wake, wala kukausha samaki wa mtoni, wala kuweka mboga za kumfikisha mwisho wa baridi, ila kwa chumvi iliyopandishwa milimani juu ya migongo ya farasi, nayo ipite katika njia za jirani, na jirani akitaka anafunga. Liweke jambo hili akilini, msomaji, maana ndilo ufunguo wa maisha ya bwana huyu.

Baba yake, Takeda Nobutora, alikuwa mtu wa vita aliyeikusanya nchi ya Kai chini ya mkono mmoja na kuujenga mji wa Kofu mwaka 1519. Alikuwa mkali, na kwa vita vyake visivyokoma raia walikamuliwa hata wakachoka. Inasemekana pia kwamba alimpenda zaidi mwanawe wa pili, Nobushige, akataka kumrithisha huyo. Mwaka 1541 Nobutora alikwenda nchi ya Suruga, iliyo kusini ufukweni mwa bahari, kumtembelea mkwewe, Imagawa Yoshimoto, aliyemwoa binti yake. Alipotaka kurejea akakuta mipaka imefungwa. Aliyeifunga ni Harunobu, kijana ambaye umri wake haukuzidi miaka ishirini, na maamiri wa baba yake wote wakiwa upande wake. Halikumwagika tone la damu. Kumbukumbu za watawa wa zama hizo zinaeleza kwamba watu walifurahi.

Hapa najua wasomaji wangu wengi watakunja uso, na mimi nimeukunja pamoja nao. Katika dini yetu kumwasi mzazi ni katika madhambi makubwa, na huyu si kwamba alimnunia baba yake, bali alimtoa katika nyumba yake aliyoijenga kwa mikono yake na kumwacha akila chakula cha ukweni. Wapo waandishi wanaomtetea, wakasema nchi ilikuwa inaangamia. Huenda. Lakini nimegundua kwamba kila aliyempindua mtu duniani hudai nchi ilikuwa inaangamia. La kustaajabisha ni yule ndugu mdogo aliyependelewa, Nobushige. Hakudai kitu. Alimtumikia kaka yake kwa uaminifu miaka ishirini, akamwandikia mwanawe nasaha 99 za namna ya kuishi na kutumikia, na mwaka 1561 akafa vitani kwa ajili ya kaka yake.

Sasa tuje kwenye yale ninayoyaita makubwa.

Mwaka 1547, Harunobu alitoa sheria za nchi yake. Vifungu vyake vya mwanzo vilikuwa 26, baadaye vikaongezwa vikapita 50. Vingi ni vya kawaida: mipaka ya mashamba, madeni, ugomvi wa watu wa vita, kodi. Lakini mwishoni mna kifungu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilikirudia, nikidhani nimekosea. Kinasema kwamba iwapo Harunobu mwenyewe, kwa mwenendo wake au kwa jambo jingine lolote, atakwenda kinyume cha sheria hizi, basi mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, na aandike mashitaka yake ayalete, naye atayatazama.

Fikiri, msomaji. Ni karne ya 16. Mabwana wa Ulaya wakati huo walikuwa wakiambiana kwamba mfalme ni kivuli cha Mungu. Huku Japani mtu mwenye upanga kiunoni na uwezo wa kumkata kichwa mkulima njiani anaandika kwa jina lake mwenyewe kwamba na yeye ashitakiwe. Najua mtaniambia kuandika ni rahisi, na hakimu katika kesi hiyo ni yule yule mshitakiwa. Kweli. Hata hivyo, kati ya mtawala aliyeandika kifungu cha namna hiyo na yule ambaye hata wazo lake halikumpitia kichwani, mimi najua ni yupi ningependa kuishi chini yake.

Jambo la pili ni tuta. Mito ya Kai hushuka kutoka milimani kwa ghadhabu, na mahali mto Midai unapougonga mto Kamanashi, maji yalikuwa yakivunja kingo na kulimeza bonde lote la Kofu. Mwaka 1542 yalikuja mafuriko makubwa. Bwana kijana akaanza kazi ambayo ilichukua karibu miaka ishirini. Na werevu wake ni huu: hakujaribu kuyazuia maji kwa ubavu. Aliyageuza njia yagonge jabali, jabali likayavunja nguvu, kisha akajenga matuta yasiyoungana, yenye mianya, kusudi maji yakizidi yatoke pembeni kwa upole na yakipungua yarudi mtoni yenyewe. Juu ya tuta ikapandwa miti ili mizizi ishike udongo.

Na nani atalitunza? Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Mwaka 1560 alitoa waraka kwamba watu watakaohamia na kujenga pale Ryuo, ukingoni mwa mto, watasamehewa kodi ya nyumba. Wakahamia, kijiji kikasimama, na wanakijiji wakawa walinzi wa tuta kwa sababu nyumba zao ziko nyuma yake. Isitoshe, kila mwaka hufanywa maandamano ya kidini ambapo wabebaji hupita juu ya tuta wakilikanyaga kwa vishindo, na udongo ukazidi kushikana. Ibada yao si yetu, lakini hesabu ya mtu aliyeifanya sikukuu ikawa kazi ya kushindilia udongo ni hesabu nzuri. Sehemu ya tuta hilo ipo hata leo, na bado linaitwa tuta la Shingen.

Vita vyake nitavipitia upesi, maana hivyo ndivyo vijana wanavyovijua. Aliishika nchi ya Shinano, kaskazini mwake, kipande baada ya kipande, akishindwa vibaya mara mbili, mwaka 1548 na mwaka 1550. Hapo akakutana na Uesugi Kenshin, bwana wa Echigo, wakapambana mara tano katika uwanda wa Kawanakajima kati ya 1553 na 1564. Watu wanapenda kusimulia kwamba mwaka 1561 Kenshin aliingia na farasi wake hadi kwenye kiti cha Shingen akamshushia upanga, na Shingen akaukinga kwa pepeo la chuma. Ni hadithi tamu, na sanamu yake imesimamishwa, lakini hadithi ni hadithi. Lililo hakika ni kwamba siku hiyo walikufa maelfu, Nobushige miongoni mwao, na jioni yake hapana aliyeweza kusema ameshinda.

Chumvi ndiyo iliyoyageuza mambo. Mwaka 1560 Imagawa Yoshimoto wa Suruga, yule shemeji, aliuawa vitani na Oda Nobunaga, na ufalme wake ukaanza kuporomoka mikononi mwa mwanawe. Shingen akaitazama Suruga kama mwenye kiu anavyotazama mtungi wa mwenzake. Kule kulikuwa na bandari. Tatizo ni kwamba mwanawe mkubwa na mrithi wake, Yoshinobu, alikuwa amemwoa binti wa Imagawa. Kijana akakataa ukwe wake usihujumiwe. Mwaka 1565 ikasemwa kwamba Yoshinobu amekula njama dhidi ya baba yake. Mlezi wake, amiri wa siku nyingi, akaamrishwa ajiue. Kijana mwenyewe akafungwa katika hekalu, na mwaka 1567 akafia humo. Mke wake akarudishwa kwao.

Msomaji, huyu ndiye yule aliyeandika kwamba hata yeye ashitakiwe. Nani angemshitaki kwa hili? Mimi nimelifikiri sana, na naona kwamba mtu aliyepata utawala kwa kumfungia baba yake mpaka hawezi tena kumtazama mwanawe akiwa na rai tofauti bila ya kuona kivuli chake mwenyewe cha mwaka 1541. Kosa lilizaa hofu, na hofu ikala mtoto. Mto aliujua namna ya kuuachia mwanya. Mwanawe hakumwachia.

Watu wa Suruga walipong'amua anachotaka, wakaizuia chumvi isipande Kai. Hapa ndipo inapotajwa habari ya Kenshin, adui yake, kwamba aliona ni aibu kupigana kwa chumvi, akawaacha wafanyabiashara wa pwani yake waendelee kuiuza Kai kwa bei ya kawaida. Wajapani hata leo wana msemo wa kumpelekea adui chumvi, wakikusudia kumsaidia mpinzani aliyepatwa na shida. Wanahistoria hubishana kama Kenshin alituma kitu au hakufunga tu soko lake. Kwangu mimi kutofunga soko kunatosha kuwa sifa.

Mwisho wa mwaka 1568 Shingen akateremka Suruga, akaitwaa. Akiwa na umri wa miaka 47 akawa na pwani yake, akakusanya mabaharia, akaunda jeshi la majini. Mtu wa milimani hatimaye alikuwa na mashua.

Lakini alikuwa amechelewa, na sababu yake inatugusa na sisi. Wareno wale wale walioupiga na kuuteka mji wetu wa Mombasa mwaka 1505 ndio waliofika Japani kwenye kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 na bunduki zao. Padri wao mashuhuri, Francis Xavier, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na miaka saba baadaye akashuka Kagoshima. Kwa hiyo upepo uliotupeperushia taabu sisi ndio uliowafikisha na kule. Wajapani hawakukawia kujifunza kuziunda bunduki wenyewe, lakini shura ya baruti na risasi nyingi ziliendelea kuja kwa merikebu, na aliyezishika bandari kubwa, hususan Sakai, ni Oda Nobunaga. Takeda alikuwa na bunduki. Alichopungukiwa ni mlango wa kulishia bunduki hizo.

Mwaka 1572 alitoka na jeshi kuelekea magharibi, na Januari mwaka 1573 akamvunja vibaya Tokugawa Ieyasu pale Mikatagahara, hata Ieyasu akakimbia kuokoa roho yake. Hapo njia ilionekana nyeupe mbele yake. Maradhi yakamshika. Akageuza safari, na tarehe 13 Mei 1573 akafia njiani katika nchi ya Shinano, umri wake ukikaribia miaka 52. Kitabu cha ukoo wake, Koyo Gunkan, kinaeleza kwamba aliusia kifo chake kifichwe miaka mitatu, na kwamba aliacha karatasi tupu mia nane zilizokwisha tiwa alama yake, ili barua ziendelee kutoka kama yu hai. Mazishi rasmi hayakufanywa mpaka mwaka 1576 katika hekalu la Erin-ji.

Aliyebaki ni Katsuyori. Huyu mama yake alikuwa suria, na neno hilo sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa. Alikuwa binti wa bwana wa Suwa, ambaye Shingen alimwangamiza mwaka 1542 ingawa alikuwa amemwoa dada yake. Kwa hiyo maamiri wakubwa walimwona Katsuyori kama mtu wa Suwa, si wa Takeda, na baba yake hakuwasaidia, maana wasia ulisema kwamba Katsuyori ni msimamizi tu mpaka mjukuu, Nobukatsu, akue. Kijana wa miaka 27 anapewa jeshi la kutisha, maadui pande zote, na mkono wa marehemu begani mwake. Akatafuta kujithibitisha. Mwaka 1575 pale Nagashino akawapeleka watu wake mbele ya bunduki za Nobunaga, na wazee wengi wa baba yake wakalala pale.

Kitu kimoja hunishika kila nikiifikiria habari hii. Shingen maisha yake yote hakujenga ngome kubwa ya mawe nyumbani kwake. Aliishi Kofu katika jumba lenye handaki tu, kwa sababu watu wake walikuwa wakisimama mbele yake. Katsuyori aliona haja ya ngome mpya, akaijenga mwaka 1581 kwa kuwakamua raia. Mwanzo wa 1582 Nobunaga alipokuja, maamiri walikwenda mmoja mmoja, wengine jamaa wa damu, na ngome ile ikachomwa na mwenyewe haijatimiza mwaka. Tarehe 3 Aprili Katsuyori, mkewe na mwanawe Nobukatsu wakafia mlimani na watu wachache. Hekalu la Erin-ji nalo likatiwa moto na watawa ndani yake.

Katika msafara wa Nobunaga akirejea kutoka ushindi huo alikuwamo Mwafrika. Matsudaira Ietada, mtu wa Tokugawa, alimwandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1582: jina lake Yasuke, kimo kama futi sita, mweusi kama wino. Aliletwa Japani na mapadri, na kitabu cha mapadri hao cha mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Mwana wa ufuo wetu huu huu wa bahari, basi, aliiona nchi ya Kai siku ilipozimika taa ya Takeda. Miezi michache baadaye Nobunaga naye aliuawa, na aliyeichukua Kai ni Ieyasu, yule aliyekimbia Mikatagahara. Akawaajiri watu wa Takeda kwa mamia na kuendelea na hesabu zao za sarafu za dhahabu, na mwaka 1603 akawa shogun wa Japani yote.

Niliyasimulia haya barazani mpaka muadhini wa Magharibi akaanza. Yule kijana alikuwa ameiweka simu mfukoni. Tulipokuwa tunainuka akaniuliza, "Ami, na yule baba aliyefungiwa njia, yeye aliishia wapi?"

Nikamwambia kwamba Nobutora aliishi kuliko mwanawe. Alifikiwa na habari za kifo chake, akarejea kutoka magharibi akiwa mzee wa miaka karibu themanini, mjukuu wake Katsuyori akampokea Takato, katika nchi ya Shinano. Mwaka 1574 akafia huko huko, hakuirudia nyumba yake ya Kofu.